Komiki za Mashujaa kwa Anayeanza: Uanze na Ipi, Ufuate Ipi, na Ipi Uiache Kwanza

Superman alitoka mwaka 1938, Batman mwaka 1939, Spider-Man mwaka 1962, na wote watatu wanachapishwa hadi leo. Anayesema atasoma kila kitu kuanzia toleo la kwanza atachoka kabla hajafika pazuri, na kosa halitakuwa lake. Action Comics namba 1, alikozaliwa Superman, ina kisa cha kurasa 13 kilichotungwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, kwa ajili ya watoto wa Marekani wenye senti 10 mfukoni. Superman wa humo hapai angani, anachupa tu. Anamkomesha mume anayempiga mkewe, kisha anamwandama seneta aliyenunuliwa. Inapendeza kuiona kama historia, lakini haitakuambia kwa nini watu wamempenda kwa zaidi ya miaka 80.

Tunachopendekeza ni hiki: anza na hadithi fupi zenye mwanzo na mwisho, tena zilizoandikwa na kuchorwa na watu walewale toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fuata majina ya mwandishi na mchoraji kuliko jina la shujaa. Batman amepitia mikono ya mamia ya watu; wachache walimpatia sana, wengine walimaliza tu zamu yao.

Ujue kwanza unachonunua

Kipimo cha msingi ni toleo moja: kijitabu cha kurasa 32 hivi, ambamo hadithi yenyewe ni kurasa 20 hadi 22 na zilizobaki ni matangazo na barua za wasomaji. Matoleo manne hadi kumi na mawili yakifungwa pamoja bila matangazo unapata mkusanyiko wa jalada laini, na huo ndio umnunulie anayeanza. Juu yake kuna omnibus, dude la jalada gumu lenye kurasa elfu moja au karibu. Omnibus zinapendeza rafuni, ila huzidi kilo mbili kwa urahisi. Ukiagizia nje, uzito huo utaulipia kwenye usafiri, na kitandani huwezi kukishika kwa mkono mmoja.

Andika mambo matatu kila unapotafuta hadithi: jina la jarida, mwaka, na namba za matoleo. Jina la hadithi peke yake halitoshi. Born Again, kwa mfano, leo ni hadithi ya komiki na pia ni tamthilia ya televisheni. Lakini "Daredevil, 1986, matoleo 227–233" haina utata. Mwaka una umuhimu wake kwa sababu wachapishaji hupenda kurudisha hesabu mwanzo ili wauze namba 1 upya. The Amazing Spider-Man namba 1 iko ya 1963, ya 1999, ya 2014, ya 2015, ya 2018 na ya 2022. Watu wengi wamenunua moja wakidhani ni nyingine.

Mtego mwingine uko kwenye mikusanyiko ya Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, inayoitwa Epic Collection. Namba iliyo ubavuni mwa kitabu inaonyesha nafasi yake katika mfululizo mzima, haionyeshi kilitoka lini. Juzuu ya 7 inaweza kuwa dukani huku ya 5 haijachapwa bado, au iliisha na haijarudiwa. Kwa hiyo usinunue juzuu ya 1 na ya 2 ukiamini zinazofuata zitakusubiri. Geuza kitabu nyuma, au fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, usome orodha ya matoleo yaliyomo. Kama muuzaji wa mtandaoni hakuweka orodha hiyo, muulize kabla hujalipa.

Kitabu cha kwanza: Batman: Year One

Ni matoleo manne tu, Batman 404–407 ya mwaka 1987. Ameandika Frank Miller, amechora David Mazzucchelli, rangi ni za Richmond Lewis. Unaweza kukimaliza kwa jioni moja, na hakikutaki ujue chochote kabla. Kinaanza tarehe 4 Januari na kuisha tarehe 3 Desemba, na tarehe zimeandikwa humo ndani, kwa hiyo hupotei.

Kinafaa pia kwa kujifunzia kusoma. Ukurasa wa mwanzo kabisa, watu wawili wanaingia Gotham siku hiyohiyo. Luteni Gordon wa polisi anakuja kwa treni na kuuona mji kutoka chini, uchafu wake wote puani. Anawaza kwamba anayeingia kwa ndege atadanganyika aone mji uliostaarabika. Bruce Wayne, atakayekuwa Batman, yuko kwenye ndege, anaona saruji safi na mapaa yenye theluji, na anajuta kwamba hakuja kwa treni. Hakuna anayekuambia watu hawa wataishia upande mmoja, ila tayari unajua. Mawazo ya kila mmoja yana mwandiko wake. Ukishautambua mwandiko wa nani ni upi, husumbuki tena kujiuliza nani anasema.

Hapohapo zoea utaratibu wa macho. Fremu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari kutoka juu. Ndani ya fremu, kiputo cha maneno kilicho juu kushoto ndicho cha kwanza. Visanduku vya mstatili ni mawazo au sauti ya msimulizi. Tazama picha kwanza, soma maneno, kisha rudia picha mara moja kabla ya kuhama. Wanaokimbilia maneno peke yake humaliza kitabu kwa dakika 40 na kusema hakina kitu, kumbe Mazzucchelli amewasimulia nusu ya hadithi kwa vivuli na kwa jinsi watu walivyokaa.

Ikitokea sentensi haiungani na inayofuata, angalia kama umeangukia picha iliyochukua kurasa mbili zinazotazamana. Hapo unasoma mstari wa juu ukivuka hadi ukurasa wa kulia, ndipo unashuka. Kwenye simu tatizo hili ni kubwa zaidi: programu nyingi hukuza fremu moja moja na kukuhamisha zenyewe, na picha ya kurasa mbili inakatwa vipandevipande. Zima ukuzaji huo unapofika kurasa za namna hiyo, lalisha simu, uone picha nzima kwanza.

Cha pili: Superman, ili usidhani kila kitu ni giza

Anayetoka kwa Miller na kuendelea na Miller ataamini komiki za mashujaa ni mvua, usiku na watu waliovunjika mbavu. Ndiyo maana tunamweka Superman hapa. All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely ni matoleo 12, yaliyotoka kati ya 2005 na 2008. Si ya zamani kama nyingine humu, lakini imeshakubalika kuwa miongoni mwa zile za kudumu. Ukurasa wake wa kwanza unamaliza chimbuko lote la Superman kwa fremu nne na maneno manane ya Kiingereza: sayari inayokufa, wanasayansi waliokata tamaa, tumaini la mwisho, mume na mke wenye huruma. Basi. Baada ya hapo hadithi inaanza, nayo ni ya mtu mwenye nguvu kuliko wote aliyeambiwa atakufa, na anachofanya na muda uliobaki.

Ukitaka fupi zaidi, tafuta Superman Annual namba 11 ya 1985, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons. Ni siku ya kuzaliwa ya Superman, marafiki wanafika na zawadi, wanamkuta amesimama kama sanamu, mmea umemng'ang'ania kifuani. Mmea huo unamwotesha maisha ambayo angeyataka zaidi kuliko yote. Hadithi inapata uzito pale ndoto yenyewe inapoanza kuoza. Kwa msomaji mwenye umri wa shule ya msingi, chukua Superman for All Seasons ya 1998, matoleo manne ya Jeph Loeb na Tim Sale, yenye picha kubwa na maneno machache.

Cha tatu: Spider-Man wa Lee na Ditko, kwa dozi ndogo

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko: kurasa 11. Peter Parker anang'atwa na buibui, anapata nguvu, anazitumia kutafuta pesa na sifa, anamwacha mwizi apite kwa sababu hayamhusu, na mwizi huyohuyo anamuua mjomba wake. Isome yote kwa kikao kimoja. Hakuna muvi iliyowahi kuisimulia kwa ufupi huo.

Shida inakuja ukigeukia The Amazing Spider-Man yenyewe na kuisoma mfululizo. Ukifika toleo la sita utaona maneno yamezidi. Spider-Man anarusha ngumi, kisanduku kinakuambia Spider-Man anarusha ngumi, na yeye mwenyewe anapaza sauti kwamba anarusha ngumi. Sababu zipo. Kwanza, Marvel walikuwa na utaratibu wao: Stan Lee alitoa kisa kwa ufupi, mchoraji akaenda kuchora kurasa zote, kisha Lee akajaza maneno mwishoni juu ya picha ambazo tayari zilijitosheleza. Pili, kila toleo lilihesabiwa kuwa huenda ndilo la kwanza kwa mtoto fulani, hivyo kila mwezi mambo yalirudiwa kuelezwa. Dawa ni kusoma matoleo mawili kwa kikao, yasizidi, na kuruka bila haya kisanduku chochote kinachorudia picha.

Usisome yote. Baada ya namba 15 ya Amazing Fantasy, nenda moja kwa moja kwenye The Amazing Spider-Man 31–33, za mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966. Kisa humo kinapangwa na mchoraji mwenyewe, Steve Ditko, na ametajwa hivyo ndani. Shangazi May yuko hospitali mahututi. Dawa imepatikana, lakini Peter amefukiwa na mtambo mzito chini ya maji, dawa iko mbele yake na mkono haufiki, huku maji yanazidi kudondoka kutoka juu. Angalia anachofanya Ditko mwanzoni mwa toleo la 33: fremu zinaanza finyu, Peter amebanwa ndani yake kama alivyobanwa na chuma. Kadiri anavyosukuma, fremu zinapanuka, hadi anapouinua mtambo na picha inachukua ukurasa mzima. Ukilielewa hilo moja, umeelewa kwa nini watu husema komiki hufanya jambo ambalo riwaya na sinema haziwezi.

Ditko aliondoka baada ya toleo la 38, akaingia John Romita, na sura zikawa nzuri ghafla. Usishtuke Peter akionekana kama mcheza filamu. Soma 39–40, halafu 50, kisha ruka hadi 121–122 za mwaka 1973 alizoandika Gerry Conway na kuchora Gil Kane. Usitafute habari za 121 mtandaoni kabla ya kuisoma. Katikati kuna 96–98 za 1971, zinazotajwa sana kwa sababu zilitoka bila muhuri wa Comics Code. Kanuni hiyo iliwekwa na wachapishaji wenyewe mwaka 1954 baada ya wazazi na wanasiasa kuzishambulia komiki. Wasimamizi wake hawakuruhusu hata dawa za kulevya zitajwe, na Kanuni hiyo ni sababu moja hadithi nyingi za mwisho wa miaka ya 1950 zinaonekana kama zimetiwa maji. Wizara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia afya iliiomba Marvel hadithi ya kuonya juu ya dawa hizo. Kanuni ikakataa, Marvel wakachapa hivyohivyo, na mwaka huohuo Kanuni ikalegezwa.

Jack Kirby, na mtego wa katikati ya toleo

Kwa Kirby, mchoraji mwenzake Stan Lee, soma Fantastic Four, jarida la kundi la mashujaa wanne, 48–53 za 1966. Ndani ya matoleo hayo sita mna Galactus mla sayari, mna Silver Surfer mtangulizi wake, mna hadithi ya toleo la 51 ambayo wapenzi wengi huiweka juu ya zote, na mna Black Panther anayeonekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 52.

Onyo moja tu. Ukifungua 48 utakuta kurasa za mwanzo zinamalizia hadithi nyingine kabisa, ya ukoo wa Inhumans. Hujakosea namba. Lee na Kirby walikuwa wanaunganisha visa kama mnyororo, kwa hiyo kisa cha Galactus kinaanza katikati ya 48 na kuisha kabla 50 haijaisha, kisha mambo ya chuo cha Johnny Storm, mmoja wa wale wanne, yanaendelea kana kwamba dunia haikuwa karibu kuliwa. Pitia kurasa hizo za mwanzo kwa macho tu na usihangaike kutafuta 45 hadi 47.

Akikuvutia Black Panther, usimfuate ovyo. Nenda Jungle Action 6–18, 1973 hadi 1975, hadithi moja ndefu ya Don McGregor ambayo sehemu kubwa ya mwisho ilichorwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache wa wakati huo katika kampuni kubwa. Jina la jarida lenyewe linaudhi, lakini hadithi inafanyika Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika anakotawala Black Panther, kwa Wawakanda, jambo lililokuwa geni kabisa. McGregor anapenda maneno kupita kiasi. Toleo moja kwa siku linatosha. Kisha mfululizo wa 1998 wa Christopher Priest, wenye ucheshi, lakini unaruka mbele na nyuma katika wakati. Ukipotea katika toleo la kwanza, ujue ndivyo ulivyokusudiwa. Mambo yanapangika kufikia la tatu.

X-Men: njia ndefu na njia ya mkato

The Dark Phoenix Saga, katika The X-Men 129–137 ya 1980, iko kwenye kila orodha ya zilizo bora, na watu huianza hapohapo. Kisha wanauliza kelele zote ni za nini. Hadithi hiyo inauma kwa sababu msomaji wa 1980 alikuwa amekaa miaka na Jean Grey, mmoja wa kundi la mashujaa wa X-Men. Ukikutana naye katika 129 na kuagana naye katika 137, utaona tu mwanamke mwekundu mwenye moto.

Njia ndefu ni Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, kisha 94 na kuendelea bila kuruka. Ni matoleo zaidi ya 40, na kama una usajili wa kidijitali hatupendekezi njia nyingine. Njia ya mkato: Giant-Size namba 1, 94–95, 98–102, 107–108, halafu 129–137, na umalizie na 141–142, hadithi ya siku zijazo zilizoharibika ambayo filamu zimeiazima. Mwandishi karibu katika zote ni Chris Claremont. Mchoraji John Byrne anaanzia 108.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa na macho yake humu. Katika Giant-Size namba 1 Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anakwenda Kenya kumchukua Ororo, yaani Storm, anayeheshimiwa na wanavijiji kama mungu wa kuleta mvua. Toleo la 102 linatoa chimbuko lake: mama ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni mpigapicha Mmarekani, wazazi wanafia Cairo ndege ilipoiangukia nyumba, na mtoto anabaki amefukiwa kando ya mama yake. Hofu yake ya sehemu finyu inatoka hapo. Kenya iliyochorwa ni ya kubuni, nyasi na vibanda visivyo na kabila wala mahali, na haifai kuchukuliwa vinginevyo. Storm mwenyewe, hata hivyo, anakua kuwa mmoja wa wahusika walioandikwa kwa uzito kuliko wote katika jarida hilo.

Kuhusu 137: mwisho uliochapwa sio uliokusudiwa awali. Mhariri mkuu Jim Shooter alishikilia kwamba aliyeangamiza mabilioni ya viumbe hawezi kurudi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea, na kurasa zikachorwa upya. Mwisho wa kwanza ulitoka mwaka 1984 katika Phoenix: The Untold Story. Usome baada, ukipenda. Kwa maoni yetu Shooter alikuwa sahihi.

Daredevil: Born Again

Matoleo 227–233 ya 1986, Miller na Mazzucchelli tena, mwaka mmoja kabla ya Year One. Hapa umeshaijua mikono yao, ndiyo maana tumeiweka mbali na mwanzo. Mwanamke aliyewahi kumpenda Matt Murdock, yaani Daredevil, ameshikwa na dawa za kulevya, na kwa dozi moja anauza siri ya jina lake. Siri inamfikia Kingpin, bosi wa wahalifu, naye anaanza kumvua Matt kitu kimoja baada ya kingine: leseni ya uwakili, pesa, nyumba, akili. Tazama picha za ufunguzi wa sura za mwanzo. Kila mara Matt amelala, anaonekana kutoka juu, na kila mara mahali pa kulala ni pabaya zaidi: kitanda chake, hoteli ya bei rahisi, kichochoroni kwenye takataka. Ukizipita haraka hutaziona kuwa ni mfululizo.

Hizi ziache kwanza

Watchmen na The Dark Knight Returns hutajwa na kila mtu kuwa za kuanzia. Tunakataa. Zote zinajibizana na hadithi za miaka mingi kabla yake, na asiyesikia swali hawezi kulifurahia jibu. The Dark Knight Returns, matoleo manne ya 1986, inamhusu Batman mzee mwenye miaka 55. Ukali wake unatokana na wewe kumjua akiwa kijana. Ina gridi ya fremu 16, televisheni zinazobwabwaja kila kona, na rais anayefanana na Reagan. Watakusumbua usipojua kwamba vita baridi vilikuwa bado vinawaka.

Ukishapitia tuliyoyataja, chukua Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, sura 12 za 1986 na 1987, na usome sura moja kwa siku. Mashujaa wake ni wapya lakini wameundwa kutokana na wale wa kampuni ya zamani ya Charlton. Karibu kurasa zote zina gridi ya fremu tisa, kwa hiyo fremu inapokuwa kubwa kuna sababu. Kurasa za maandishi matupu mwishoni mwa sura usiziruke; zimebeba habari ambazo wahusika hawaambiani. Hadithi ya maharamia inayosomwa na kijana pale kwenye kibanda cha magazeti nayo usiiruke, hata ikikuchosha. Ukimaliza sura ya 5, irudie ukilinganisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mpaka zikutane kurasa za 14 na 15: mpangilio wa fremu umegeuzwa kama kwenye kioo.

Crisis on Infinite Earths ya 1985–86 iache kabisa mwaka wa kwanza. George Pérez amechora mamia ya wahusika, na kila kifo humo kinamtaka msomaji aliyewajua. The Killing Joke ya 1988 ni fupi na imechorwa vizuri mno na Brian Bolland, lakini ukatili anaofanyiwa Barbara, binti wa Gordon yule wa polisi, unatumika kumsukuma mwanamume tu, na wasomaji wengi hawajaisamehe. Ukiinunua, jua kuna rangi za aina mbili: za kwanza za John Higgins, kali na za kichefuchefu, na za mwaka 2008 alizoziweka Bolland mwenyewe, zilizopoa. Sisi tunapenda za Higgins.

Za watoto, na za kufungia kabati

Mtoto wa miaka 9 au 10 anaweza kupewa Spider-Man wa Ditko, Fantastic Four za Kirby na Superman for All Seasons bila wasiwasi. Born Again, The Dark Knight Returns na The Killing Joke ni za kuanzia miaka 15 au 16. Watchmen ina uchi na jaribio la ubakaji. Ni ya watu wazima. Komiki za miaka ya 1940 mzazi azipitie mwenyewe kwanza, hata zile zinazoonekana za kitoto: watu weusi na Wajapani walichorwa humo kwa kejeli ya wazi, midomo na meno, na matoleo mengine ya kisasa yamezichapa vilevile zilivyokuwa.

Kuzipata na kuzisoma

Kwa Marvel, usajili wa Marvel Unlimited una karibu kila kitu tulichokitaja chao. Pakua matoleo ukiwa kwenye Wi-Fi, maana toleo moja lenye picha safi ni makumi ya megabaiti na bando litakwisha mapema. DC, wachapishaji wa Superman na Batman, wana huduma yao, DC Universe Infinite, lakini haifunguki nchi zote. Jaribu kujiandikisha kabla ya kupanga chochote, na isipokubali nunua kitabu kimojakimoja kupitia Kindle. Waliopo Marekani na Kanada waulize kadi ya maktaba ya mtaa wao inaunganishwa na Hoopla au Libby, maana huko komiki nyingi huazimwa bure. Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa kwa wepesi kuliko Kiingereza watazipata nyingi kwa lugha hiyo: za DC kupitia Urban Comics, za Marvel kupitia Panini.

Kwa karatasi, DC walianza mwaka 2024 kutoa DC Compact Comics, vitabu vidogo vya dola 9.99, na Watchmen na All-Star Superman zimo. Ni rahisi kusafirisha, lakini herufi zimepungua pamoja na ukurasa. Mwenye macho mazito anunue saizi ya kawaida. Skani za wizi za mtandaoni zina kasoro tatu zinazojirudia: kurasa zimekosekana, za kutazamana zimetenganishwa, na faili zimepangwa kwa alfabeti, hivyo toleo la 100 linakuja kabla ya la 99.

Ukikuta kinyota na maandishi madogo ya mhariri yanayokutuma kwenye toleo jingine, usiende. Yaliwekwa ili kuuza, na unachohitaji kujua huwa kimeelezwa ndani ya kurasa mbili zinazofuata.

Baada ya hapo fuata mikono uliyoipenda. Aliyevutwa na Alan Moore aende Swamp Thing namba 21 ya 1984. Mikusanyiko mipya inaanzia 20, toleo ambalo Moore alitumia kufunga mambo ya mwandishi aliyemtangulia, na linaweza kurukwa. Aliyempenda Kirby atafurahia Thor wa Walt Simonson kuanzia namba 337 ya 1983, na hahitaji kusoma Thor mwingine yeyote kabla. Aliyemtaka Wonder Woman tangu mwanzo achukue ya George Pérez ya 1987, matoleo 1–7. Na aliyempenda Miller arudi Daredevil 168, anapoingia Elektra, asome hadi 181 bila kuruka hata moja.